Tepu Shingoni

Mume wangu ni fundi cherehani, na tangu apigwe na kiharusi alikuwa akiogopa vitu viwili tu: ule mpira uliopita puani kumlisha, na mimi. Daktari alitupa wiki mbili. Ijumaa ya mwisho angepimwa, na asipomeza, atatobolewa tumbo awekewe mpira wa kudumu. Mzee akageuzia uso ukutani. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akinusa supu yangu tangu barabarani.

Ndipo tukapelekwa chumba cha sumaku. Daktari wa pale alieleza kwamba koo lenyewe ni zima. Sehemu ya ubongo inayoliamrisha ndiyo iliyolala, na sumaku ingeiamsha kwa kuigonga kutokea nje ya fuvu. Nikamuuliza kama itamfanya anisikilize pia. Akasema mashine hiyo bado haijatengenezwa.

Kila asubuhi mlangoni walimvua vyuma vyote: saa, mkanda, na tepu yake ya kupimia, maana ina vibati nchani. Tepu hiyo haikumtoka shingoni hata wodini. Bila hiyo anajiona uchi. Kisha kidude kama mwiko kikawekwa kichwani, kikaanza kutatarika, naye akaniangalia kwa jicho la ujanja. Alikuwa akisikia cherehani yake.

Siku ya saba, mlemle chumbani, nikaona kikoromeo chake kikipanda na kushuka. Kameza mate! Nikacheka, nikalia, nikamkumbatia muuguzi ambaye hata hakuhusika.

Ijumaa ikafika. Mtaalamu wa kumeza, dada mmoja tuliyempachika jina Bi Kijiko, alimkalisha wima kwenye chumba chake, akamwekea vidole viwili kooni, akamtilia kijiko cha maji mazito mdomoni. Tukangoja. Maji yakakaa palepale, akaambiwa ateme. Kijiko cha pili, hivyo hivyo. Bi Kijiko akaandika kitu kwenye karatasi, akasema atajaribu mara moja ya mwisho, kisha atamwita daktari wa upasuaji.

Sitaficha, hasira zilinipanda. Mtu kameza chumba kile, chumba hiki kina nini? Hapo nikamtazama midomo. Kaikaza upande mmoja, vilevile anavyoshikilia pini akiwa kazini. Na shingoni, tepu.

Jamani! Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu alimeza pini akishona suruali ya bwana harusi, tukakimbizana hospitalini nikidhani nimeshakuwa mjane. Tangu siku hiyo nikamwekea sheria, nikaiimba miaka thelathini na mbili: tepu ikiwa shingoni, hakimezwi kitu. Maneno yangu mengine yote yaliingia sikio hili yakatokea la pili. Hilo moja alilishika, tena kwa nusu ya ubongo.

Nikainuka, nikamvua tepu, nikaivaa mimi. Bi Kijiko akabaki ananishangaa.

"Kazi imekwisha, mume wangu," nikamwambia. "Pini zote nimezihesabu. Meza."

Kijiko kikaingia. Kikoromeo kikapanda, kikasita kidogo, kikashuka. Hakukohoa. Bi Kijiko akamwambia aseme aaa, sauti ikatoka safi. Akamwongezea cha pili, cha tatu, vyote vikapita. Akaichukua ile karatasi akakata alichoandika. Sijawahi kufurahi namna ile, hata siku ya harusi yangu.

Mzee akafungua mdomo taratibu. Nikadhani atanishukuru.

"Hayana sukari," akasema.

Siku hizi kuna msumari karibu na meza yetu ya chakula, nimeupigilia mwenyewe. Supu ikiletwa, mzee hagusi kijiko. Ananyoosha shingo kwanza, anangoja nije nimvue tepu niitundike. Mkono wake mzima unaiweza kazi hiyo vizuri kabisa. Simwambii.