Mmea wa Chiriku

Mdogo wake fundi cherehani aliitwa Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua mapumziko. Asubuhi moja aliaga anakwenda kazini, akatoka huku bado anaongea, na miezi ikakatika asirudi. Dada mtu alizunguka vituo vya polisi, wodi za hospitali, hata vyumba vya maiti. Kote jibu lilikuwa moja: hakuna habari.

Kilichobaki dirishani ni mmea wake wa majani manene, ule unaozaa watoto pembezoni mwa jani, wamejipanga kama meno ya msumeno. Chiriku aliutia maji anapokumbuka, na kukumbuka kwenyewe kulikuwa kwa nadra. Mmea ukanawiri. Alipotoweka, fundi aliutia maji asubuhi, mchana na jioni.

"Akirudi aukute mzima," alijisemea.

Mwezi wa tano tangu Chiriku aondoke, shina lililainika kama ndizi iliyooza, likamlalia mikononi. Hapo fundi alilia kilio ambacho hata vyumba vya maiti havikumtoa.

Mtunza bustani wa hospitali, aliyeleta suruali yake iwekwe kiraka cha goti, alimkuta hivyo.

"Shikamoo, baba," alisema fundi, akifuta kamasi kwa kanga.

"Marahaba. Kulikoni, mwanangu?"

"Nimeuua. Mmea wa mdogo wangu nimeuua kwa mkono wangu."

Mzee aligeuza jani moja moja. "Mama ndiye amekwenda. Watoto hawa wazima. Walaze juu ya mchanga, usiwafukie. Maji matone tu, kisha ngoja pakauke kabisa. Huu hautaki kubembelezwa."

Fundi aliwalaza kumi na saba juu ya mchanga kwenye mfuniko wa kopo la biskuti. Akaahidi kuwaacha. Lakini kila baada ya pindo moja aliinuka, akawageuza kuona kama wametoa mizizi, akawaongezea maji kidogo tu, kidogo tu. Wakaanza kuwa weusi, leo wawili, kesho wanne. Walipobaki watatu alifunga duka mchana kweupe, akaubeba mfuniko hadi hospitalini kama abebaye mgonjwa.

"Nitunzie wewe, baba. Kwangu watakwisha."

"Si uwaache tu?"

"Siwezi! Nikikaa bila kufanya kitu, namwona njiani peke yake, ananiita."

Mzee hakumwambia kwamba Chiriku atarudi. Wengi walikuwa wamemwambia, na kila mara moyo ulimkunjika. Aliupokea mfuniko, akauweka juu ya rafu, mahali ambapo mkono wa fundi haufiki.

Baada ya majuma matatu alimwita aje kuona. Mmoja alikuwa amekauka. Wawili walikuwa wameshika, mizizi yao myembamba kuliko uzi namba sitini. Fundi alitoa simu kabla hajafikiri, akaibonyeza namba anayoijua kwa moyo, ampe mdogo wake habari. Sauti ikamjibu kwamba namba hiyo haipatikani. Akasimama na simu sikioni hata baada ya sauti kunyamaza.

Mzee alimshika kiwiko, akampeleka upande wa pili, kwenye safu ya miche ya mboga iliyonywea kwa jua.

"Hawa wana kiu kila siku ya Mungu," alisema, akimkabidhi ndoo. "Wamwagilie mpaka mikono ikuume."

Fundi akainama, akaanza na mche wa kwanza.