Weusi Usio wa Api

Jumamosi ya kanivali mji wa Oruro, mji wa migodi juu milimani, haukanyagi ardhi, unaelea. Ngoma zinaanza mapema, matarumbeta yanajibu, na povu jeupe wanalorushiana watoto linapepea juu ya vichwa kama vipande vya mawingu vilivyopotea njia. Ukikaa pembeni mwa barabara saa nyingi, unaanza kuona kwamba hao wanaopita si watu tena. Ni ndoto inayotembea, na wewe umo ndani yake.

Lakini mama mwenye mtoto haoti vizuri hata siku ya ndoto. Saturnina alikuwa amekaa kwenye kona yake, nyuma ya sufuria lake la api, ule uji mwepesi wa mahindi ya zambarau unaopaka midomo rangi mpaka jioni, na macho yake yalikuwa yanatafuta goti moja tu katika yale maelfu ya magoti.

Goti la Limbert, mwanawe. Siku nyingine zote Limbert ni fundi wa malori. Leo alikuwa mchezaji wa morenada, ngoma ya vinyago, kavaa vazi la duara lililoshonwa kwa dhahabu ya uongo, zito kama gunia, na kinyago chenye macho yaliyotokeza na mdomo mnene. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu na wa mwisho. Binti yake Maite alizaliwa kabla miezi haijatimia, mdogo kama mkate, madaktari wakatikisa vichwa. Limbert akampigia magoti Bikira wa mgodini, yule anayechezewa kanivali, akamwambia, "Niachie huyu, nitakuchezea miaka mitatu." Bikira akamwachia. Maite sasa alikuwa anatembea, anavuta sketi ya bibi yake na kuiba sukari. Nadhiri ya namna hiyo haivunjwi. Hata wezi wa Oruro wanajua.

Tatizo ni goti. Liliteguka kwenye mazoezi, likavimba kama boga. Daktari alimwandikia vidonge vya kushusha uvimbe na maumivu, na Saturnina alikuwepo, alisikia kwa masikio yake: ule kwanza ndipo umeze, pombe usiguse, usichanganye na dawa nyingine ya maumivu bila kuniuliza, vikiisha, acha, urudi nikuone. Daktari alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Limbert akaitikia ndiyo, ndiyo, huku mguu wake mzima ukipiga ngoma chini ya meza.

Vidonge viliisha. Mazoezi hayakuisha. Na hapo Saturnina akaacha kujua, maana mwanamume akishaoa, habari za tumbo lake zinagawanyika: nusu anazo mkewe, nusu anazo mama yake, na yeye anatembea katikati akidhani hakuna anayeona.

Wiki ile kila asubuhi Limbert alipita kwenye kona. Mama akamjazia kikombe. Limbert akakipokea, akapashia mikono joto, akakirudisha vile vile.

"Unanirudishia nini? Nimetia mate?"

"Tumbo linaungua kidogo, mama. Wasiwasi wa kucheza tu."

"Basi kula andazi."

"Nimeshakula kwangu. Yovana amenishindilia mpaka kooni."

Saturnina akaamini. Na mama huamini haraka pale anapotaka kuamini.

Sasa mchana ulikuwa umesimama juu ya mji, jua kali na upepo baridi kwa pamoja, kama ilivyo kule juu. Yovana, mke wa Limbert, akatokea kwenye umati na kofia yenye povu, akajitupa kwenye benchi la mkwewe akicheka.

"Mama, wewe na api yako mtaniulia mume kwa aibu."

"Imefanya nini api yangu?"

"Ananiambia choo chake cheusi. Cheusi, mama! Kama lami ya barabarani, na kinanata. Siku ya ngapi hii, nikamwambia nenda kliniki. Akanicheka. Anasema ukinywa api ya Saturnina kila asubuhi, hata roho inatoka zambarau."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anasubiri kikombe akacheka mpaka akashika nguzo. Saturnina naye alianza kucheka. Kisha akaweka upawa chini.

"Yovana," akasema. "Limbert hajanywa api yangu wiki nzima."

"Anakunywa. Ndiyo maana kwangu hali kitu. Anasema ameshiba kwako."

"Kwangu anasema ameshiba kwako."

Wakatazamana. Matarumbeta yalikuwa yanapita, lakini Saturnina aliyasikia kwa mbali, kama yanapigwa chini ya maji. Mahindi yanapaka midomo. Yanapaka vikombe na vitambaa. Hayapaki tumbo la mtu ambaye hajayanywa. Basi ule weusi ulikuwa wa nini? Akakumbuka bibi yake aliyekuwa akimwambia kwamba damu ikikaa tumboni inapikika, inatoka nyeusi.

Aliacha sufuria likichemka. Hakuwahi kuliacha tangu aanze biashara.

Walimkuta Limbert pale safu za wachezaji zinaposimama kupumzika, kabla ya kupanda kwenda kanisani. Alikuwa ameegemea ukuta, kinyago usoni, kikitabasamu.

"Vua," mama yake akasema.

"Mama, usiniaibishe mbele ya watu."

"Vua nikuone!"

Teófilo, rafiki yake na kiongozi wa safu, akaingilia kati na chupa mkononi. "Mama Satu, mwache simba wako. Amebakiza kipande kidogo tu. Nimempa kidonge changu cha njano asubuhi, juu ya vile anavyojinunulia dukani, goti halisikii kitu."

"Cha njano, juu ya vya dukani?"

"Hivyo ni vingine, mama. Jina lingine, rangi nyingine. Wote tunameza, bila hivyo nani angecheza?"

Saturnina alikinyanyua kinyago kwa mikono yake mwenyewe. Chini ya ule uso mnene wenye kucheka kulikuwa na uso mwingine, rangi ya mshumaa, umelowa jasho la baridi. Midomo haikuwa ya zambarau. Ilikuwa myeupe.

"Unaona kizunguzungu?"

"Kila kitu kinaelea, mama," Limbert akasema taratibu, karibu kwa raha. "Nilidhani ni kanivali."

"Unakwenda hospitali."

"Siendi. Nimemwahidi kwa ajili ya Maite. Nikikatisha na mtoto akaja kudhurika…" Akajaribu kusimama. Goti lilikubali. Mwili uliobaki ukakataa, akateleza ukutani na dhahabu yake yote, akakaa chini kama kengele iliyowekwa sakafuni.

"Sikiliza," Saturnina akamwambia, amechutama, kamshika mashavu. "Bikira naye ni mama. Hakukuachia mtoto ili amchukue baba. Nipe hicho kinyago. Nitamaliza mimi."

"Mama, ngoma hujui."

"Na wewe hujui kumeza dawa. Yovana, mchukue. Mwambie daktari vyote alivyomeza, usifiche hata pombe."

Teófilo, pombe imemtoka ghafla, akamsaidia Yovana kumbeba. Saturnina akakivaa kinyago.

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya mwanawe: majani ya koka ya kutafuna, jasho, na kitu kichungu. Dunia ilionekana kupitia tundu la mdomo tu, ndogo, ya mbali, inang'aa. Watu walimpungia mkono. Akaelewa kwamba humu mtu anaweza kufa na barabara nzima ikampigia makofi. Alipanda na safu, sketi yake katikati ya dhahabu, akiburuta miguu nyuma ya ngoma kubwa, hajui anatembea au anabebwa. Kwenye mlango wa kanisa akapiga magoti kama wengine, akaenda hivyo mpaka mbele. Hakuomba kwa maneno. Alivua kinyago, akamwonyesha Bikira uso wake.

Limbert aliongezwa damu. Daktari alisema tumbo lilikuwa na kidonda kinachovuja, na kwamba vile vidonge, vya dukani na vya njano, ni ukoo mmoja. Majina tu ndiyo mbalimbali. Vinanyamazisha goti huku vinachimba tumbo, na ukiwa na njaa, kiu na pombe, vinachimba haraka, na figo nazo zinaumia. Akiugua tena goti, asimeze kidonge cha aina hiyo bila daktari kuambiwa habari ya leo.

Asubuhi ngoma zilikuwa bado zinasikika mbali, kupitia dirishani. Maite alikuwa amepandishwa kitandani, anaingiza mkono wake kwenye mdomo wa kinyago na kuutoa upande wa pili, anamgusa baba yake shavu. Limbert alilala akitabasamu, safari hii kwa uso wake mwenyewe.

Teófilo alikuwa amesimama mlangoni na vazi lake la jana, hajaingia wala hajaondoka.

"Mama Satu," akanong'ona. "Ule weusi… ni mweusi kabisa? Au hata ukiwa nusu…"

Saturnina hakumngoja amalize. Alimshika mkono, kama anavyoshikwa mtoto barabarani, akampeleka kwa nesi.