Miezi Minne Bila Cheche

Miezi minne Plamedie alisomea kuchomelea chuma, na hakuwahi kuona cheche hata moja. Kituo chao cha ufundi, pale mtaani Hewa Bora, kilikuwa na ubao, madawati na mapicha ya mashine ukutani. Mashine yenyewe, alisema mkurugenzi Papa Léonard, ilikuwa njiani. Wanafunzi kumi na mmoja waliendelea kuichora mpaka madaftari yakajaa.

Kisha Plamedie akaenda kuomba kazi kwa fundi Mwaba, mchomeleaji na jirani wa kituo. Mwaba akampa koleo la kuchomelea. Plamedie akaligeuza huku na huku, asijue kijiti cha kuchomelea kinaingia wapi. Mafundi wa Mwaba wakacheka mpaka wakakaa chini.

Jioni ileile aliandika barua ya malalamiko kwa ofisi ya jimbo inayosimamia mafunzo ya ufundi. Wenzake walikusanyika kwa Edith, mkubwa wao wote, waliyemwita yaya, yaani dada, mama wa watoto wawili. Edith alishika kalamu lakini hakutia sahihi.

"Na Papa Léonard akitufukuza? Diplôme yetu itakuwa namna gani?"

"Diplôme ya kufanya nini, yaya?" Plamedie akamjibu. "Mi sijue hata kushika pince, ile koleo!"

Edith akacheka, akatia sahihi. Wengine wakafuata wote.

Siku tisa baadaye, inspekta wa ofisi ile, Mama Clotilde, aliingia darasani na barua mkononi. Kumbe Papa Léonard alikwisha kupata habari: kwenye kona palikuwa na mashine nyekundu, mpya kabisa, ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiona.

"Mama Inspecteur, bintu yote iko," mkurugenzi akasema, akitabasamu. "Hawa batoto banapenda kulalamika tu."

"Muzuri. Basi mumoja anichomee bipande mbili bya chuma."

"Ah, mama, leo courant haiko."

Darasa zima likasikiliza. Ng'ambo ya ukuta kinu cha jirani mwingine kilikuwa kinasaga mahindi kwa kelele, na kile kilikuwa kinu cha umeme; courant ilikuwepo. Mama Clotilde aliinama mwenyewe, akachomeka waya, na taa ya mashine ikawaka.

Lakini vijiti vya kuchomelea havikuwepo. Edith, aliyeogopa kusaini, ndiye aliyetoka mbio kwa Mwaba, akarudi anahema na vijiti vitatu.

"Nani aliandika hii barua?" Mama Clotilde akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Kuya hapa," inspekta akasema, akimwonyesha mashine.

Plamedie akavaa kinga ya macho. Inspekta akamtilia kijiti kwenye koleo. Plamedie akakigusisha kwenye chuma, kikanata. Akakivuta, kikanata tena. Mara ya tatu moto mweupe ukalipuka, cheche zikaruka kila upande, naye akapiga kelele ya furaha kama mtoto. Wenzake wakasimama juu ya madawati wakishangilia.

Vipande vile havikushikana. Mama Clotilde alivigusa kidogo, vikaachana.

"Miezi ngapi ulisoma?"

"Ine, mama. Hii njo moto yangu ya kwanza."

Inspekta akamgeukia Papa Léonard, ambaye tabasamu lake lilikuwa limekwisha. "Barua yabo iko ya kweli. Mashine iko ya nani?"

"Ya... shemeji yangu," akasema kwa sauti ndogo.

Pale pale Mama Clotilde akaandika amri: kituo kisipokee wanafunzi wapya, na hawa kumi na mmoja waanze upya, siku nne kila wiki, katika karakana halisi, mpaka wajue kazi. Mwaba alikubali kuwapokea.

Jumatatu Plamedie alifika kwa Mwaba kabla mlango haujafunguliwa. Edith alikuwa amemtangulia, amevaa buti za mumewe.

"Yaya, ulilala hapa?"

"Hapana," Edith akasema, akigonga mlango kwa ngumi. "Lakini leo mi njo wa kwanza kuwasha moto!"