Nadhiri ya Bi Hadia na Unga wa Mzizi

Ilikuwa Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, katika mwaka wa tatu wa vita vya Wazungu, Bi Hadia wa Faza alipogundua kwamba kahawa ya nyumbani mwake si kahawa. Aliyemfunulia jambo hilo ni binti yake Saadiya, naye hakujua kwamba anafunua kitu.

Saadiya alikuwa akitayarisha kitamutamu cha unga wa mchele, ule mkorogo wa maziwa, sukari na iliki unaomiminwa sahanini ukaachwa kuganda. Tangu binamu yake Abdulkadir alete kopo la kahawa iliyosagwa kutoka Lamu, amezoea kuutia mkorogo huo kijiko kimoja cha unga wake. Hutoka na rangi ya asali iliyoungua, na uchungu kidogo unaokuja nyuma ya utamu, na watoto huramba sahani. Siku hiyo alitia kijiko hicho katika maziwa baridi, kabla ya kuyateleka. Unga ukazama papo hapo, na maziwa yakageuka hudhurungi kabla hayajakorogwa.

Bi Hadia alikuwa akipeta mchele. Akaweka ungo chini.

Kwa miaka ishirini na miwili amekaanga buni kwa mkono wake mwenyewe, akaitwanga kinuni, akaichemsha katika dele la shaba. Anajua kwamba unga wa buni ukitiwa katika kitu baridi huelea, wala hautoi rangi mpaka uonje moto. Akateka maji ya mtungini bakuli zima, akanyunyiza juu yake ule unga wa kopo. Chembe chache zilibaki juu. Nyingine zote zilishuka zikiburura michirizi myekundu-myeusi. Akazichota za chini, akazifikicha. Zikalainika vidoleni kama tende iliyorowekwa. Akaonja, akatema.

"Mama, kuna nini?" Saadiya akauliza.

Hakumjibu, kwa kuwa jibu lilimhusu Saadiya mwenyewe. Alipokuwa na umri wa miaka mitano mtoto huyo alishikwa na ndui, hata watu wakaanza kunong'ona habari za sanda. Bi Hadia aliinua mikono akaweka nadhiri: Mola akimponya mwanawe, basi muda wote wa uhai wake atapeleka msikitini, kila Ijumaa baada ya alasiri, dele la kahawa ya buni tupu, isiyochanganywa, kwa ajili ya wanaosoma Kurani. Mtoto alipona. Na dele halikukosa hata Ijumaa moja, mpaka meli zilipoacha kuleta buni kwa sababu ya vita, naye, kwa hofu ya kuvunja ahadi, akakubali kwa mara ya kwanza kupokea unga uliosagwa na mkono asioujua. Ijumaa tatu sasa amewanywesha wasomaji unga huo.

Akatuma Abdulkadir aitwe. Alikuwa mwana wa kaka yake, mchuuzi wa vitu vidogo vidogo baina ya Lamu na visiwa vya kaskazini, mtu mwenye maneno laini. Alipoliona bakuli hakujaribu kukana. Alieleza kwamba mwenye duka kule Lamu hakumficha neno. Ule ulikuwa mzizi wa mboga ya Ulaya, uitwao chikori, ambao hukatwa, hukaushwa, hukaangwa mpaka uwe mweusi, kisha husagwa. Wazungu wenyewe huunywa na maziwa, na huutia katika vitu vitamu, kama alivyofanya Saadiya bila kuambiwa. Kahawa ya kweli iliyokuwamo koponi ilikuwa kidogo tu, ya kuleta harufu. Yeye, Abdulkadir, hakumwambia shangazi yake kwa kumhurumia, asije akaivunja nadhiri.

"Ukaona ni heri niivunje bila kujua," Bi Hadia akasema.

"Shangazi, hakuna aliyejua. Wamekunywa na wamekusifu."

"Niliyemuahidi alijua."

Hasira ya Bi Hadia haikuwa juu ya ule mzizi. Mzizi ni kiumbe cha Mungu, halali kwa mwenye kuutaka, wala haukujiita kahawa. Kilichomchoma ni mzizi huo kuvishwa jina lisilo lake, kisha kupelekwa nyumba ya Mungu kwa mikono ya Bi Hadia mwenyewe.

Alasiri ile Mwalimu Badawi, imamu wa msikiti, alikuja akakaa barazani, na Bi Hadia akamsimulia yote kutoka nyuma ya mlango. Mwalimu alifikiri sana. Akasema kinywaji hakina ubaya, lakini aliyenadhiri buni hajatoka katika deni lake mpaka atoe buni. Ijumaa tatu zile hazina budi kulipwa. Ama kuwatangazia watu, hilo aliona si lazima. Nyumba ni ya heshima, na sitara ni jambo jema.

"Sitara ni kwa aibu ya mtu mwingine, Mwalimu," Bi Hadia akasema. "Hii ni yangu, na wao ndio walionyweshwa."

Basi siku ya pili yake Abdulkadir alisimama mbele ya wasomaji, dele mkononi, akawaambia walichokunywa, na kwamba wanacholetewa leo ni mzizi uleule kwa jina lake la chikori, anayetaka anywe na asiyetaka aache. Aliporudi alitoa habari kama alivyoamrishwa, bila kuficha. Wengi walipokea vikombe vyao wakanywa. Lakini Bwana Wazir, ambaye kwa miaka mingi alijigamba kwamba kwa funda moja hutambua buni imekaangwa na nani, na ambaye Ijumaa iliyopita aliomba kikombe cha nne, alikimwaga chake mchangani. Akasema tangu siku ya kwanza alijua, ila alistahi nyumba ya watu.

"Alistahi," Bi Hadia akasema. "Akaramba na kikombe kwa kustahi."

Saadiya akacheka, lakini mama yake hakucheka. Aliingia ndani akafungua kasha alimoweka sanda yake, udi, na maji ya waridi, vitu ambavyo mwanamke mzima hujiandalia ili asiwatie watu tabu siku yake. Chini kabisa mlikuwa na mfuko wa kitambaa uliofungwa kwa uzi, wenye buni aliyoiweka akiba kabla ya vita, kwa ajili ya watakaosoma hitima yake. Akaupima kwa kiganja. Ilitosha kulipa Ijumaa tatu, na huenda na ya nne, ile ya siku hiyo.

Saadiya alipouona mfuko ule mkononi mwa mama yake alianza kulia, akamsihi auache, akisema Mungu ni mwenye kusamehe.

"Ni mwenye kusamehe," Bi Hadia akasema, "na mimi nimekopa nikiwa na cha kulipia."

Akawasha moto, akateleka chungu cha kukaangia, akamwita Abdulkadir akae mbele yake atazame. Buni ilipoanza kupasuka na moshi wake kujaa ukumbini, alimwambia bila kugeuza uso:

"Siku yangu itakapofika, hitima yangu mtaifanya kwa mzizi wenu. Tieni maziwa, tieni sukari, na Saadiya apike zile sahani zake. Lakini wewe, Abdulkadir, utasimama mlangoni, na kila anayeingia utamwambia kwa kinywa chako kwamba hii ni chikori."

Akaendelea kukoroga.