Makadirio ya Watu Wawili

Jioni moja fundi wa umeme alibisha hodi kwa mshonaji, ngazi begani, kuja kubadilisha mita iliyokwama. Mshonaji alikuwa akipinda gauni la mteja. Binti yake alikuwa pembeni akipiga pasi sare ya shule, ingawa alikuwa amekufa tangu mwaka jana.

Mita ile ndiyo iliyomuua. Ilikuwa ikipiga shoti, mama akaripoti ofisini, akapigwa danadana, njoo kesho, njoo keshokutwa, hadi mtoto akaigusa akitoka kuoga. Tangu siku hiyo namba hazikusogea. Ofisi, isiyojua habari za matanga, ikaanza kukadiria: nyumba hii hutumia umeme wa watu wawili, kama zamani. Na ofisi ikishasema, imesema. Kila jioni binti alirudi kutumia fungu lake. Aliacha taa ya ukumbini ikiwaka kwa kuogopa giza, mama akamgombeza, kisha akamwachia. Majirani waliitikia shikamoo yake kama kawaida, ila walisema amekonda. Mshonaji alikuwa na furaha, na aliionea haya.

"Hapa ndipo paliponirusha," binti alimwonyesha fundi.

"Ahsante, mwanangu." Fundi akavaa glavu.

"Fundi, niachie hiyohiyo mbovu," mama alisema. "Sina malalamiko tena."

"Mimi natumwa tu, mama. Ofisi inataka hesabu ya kweli. Na si ulilalamika mwenyewe? Kawia ufike."

Akakata umeme. Nyumba ikawa giza.

"Mama, taa," binti alisema, akamshika mkono.

Fundi alikaza nyaya, akafunga kifuniko, akawasha. Mita mpya ilionyesha sifuri tupu. Mkono wa mshonaji ulikuwa bado umefumbatwa, na ndani yake hamkuwa na kitu. Sare ilikuwa mezani, imenyooshwa upande mmoja.

Mshonaji akawasha jiko, redio, pasi na taa zote, ili mita isome watu wawili. Namba zilipanda mbio. Alitazama ukumbini muda mrefu, na hakuna aliyetokea.

"Inasoma vizuri," fundi alisema, akikunja ngazi. "Halafu nimeifunga juu zaidi, watoto wasiifikie."

Mshonaji akamshukuru, maana ndivyo alivyolelewa, akaenda kuzima taa ya ukumbini.