Buibui wa Migombani

"Muache!" Wahiba, mwenye nyumba, alipiga kelele, upawa mkononi. "Sie buibui hatumuui. Ndiye aliyemsitiri Mtume pangoni kwa utando wake."

Albano, mtu wa papara tangu utotoni, alikuwa ameshainua kandambili. "Huyu hana utando, dada. Kazi yake kuruka tu."

"Buibui ni buibui. Hata ukutani kwangu wamejaa."

Kelele zile zikamtoa Bernadeta chumbani. Kaka yake Albano alikuwa amefika Temeke asubuhi hiyo kutoka kusini, amebeba kikapu cha njugumawe kutoka kwa mama yao. Mdudu alichomoka humo kikapuni.

Bernadeta akainama. Buibui wa ukutani alimjua: wa kijivu, ana michirizi, huwinda nzi juani. Huyu alikuwa wa kijani, mwili unapitisha mwanga, na macho mawili ya mbele makubwa, meusi. Huyu hakai ukutani asilani. Kwake ni chini ya jani la mgomba, penye kivuli na maji, kama kule chemchemini kwenye nyumba yao ya zamani. Mwanawe Anjelina alikuwa akiwapuliza ili waruke, akicheka mpaka anakaa chini. Migombani hapo hapo ndipo walipomzika, angali mdogo. Ee Mungu, kicheko kile!

Kisha watu wote wakahamishiwa kijiji cha ujamaa, kando ya barabara.

"Kijiji kipya kina migomba?" aliuliza.

"Itoke wapi? Kichanga kitupu kile."

"Na kule kwetu?"

"Si nilishakwambia? Pori. Hakuna anayekanyaga."

Alikuwa amemwambia, ndiyo, na tangu siku hiyo Bernadeta hakuwa na raha. Kila akifumba macho aliona magugu juu ya mtoto wake.

"Basi kikapu hiki kilifikaje mgombani?"

Albano akatazama chini. "Mama kanikataza kusema. Viongozi wakijua watamgombeza. Jumapili anaagaga anakwenda kanisani, kumbe anapitiliza kule kupalilia kaburi. Kikapu hicho ndicho anachobebea mundu."

Bernadeta akalia mbele yao bila haya, na kwa mara ya kwanza kilio hakikumuuma. Wahiba naye akajifuta kwa ncha ya kanga, akisingizia moshi.

Baadaye Bernadeta akamfunika buibui kwa kikombe, akampeleka nyuma ya bafu, kwenye mgomba wa Wahiba unaokunywa maji ya kuogea. Akamweka chini ya jani bichi, akampuliza kidogo.

Akaruka.