Kutafuta na Kufuta

Watu hawaji kwangu kutengeneza magari, wanakuja kufutiwa taa. Ile taa ya njano yenye umbo la injini ikiwaka kwenye dashibodi, mwenye gari haiogopi injini, anaiogopa taa. "Fundi, nifutie hii, inanikera." Basi nachomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, nabonyeza, makosa yanafutika, taa inazimika, na mteja anaondoka amefurahi kama aliyepona. Dakika mbili tu.

Kaka yangu alikuwa na maneno yake juu ya kazi hii. Yeye alikuwa dereva wa lori, mimi fundi umeme wa magari, mwanamke peke yangu kwenye gereji nzima. Baba alipokataa nisijifunze ufundi, kaka ndiye aliyenitetea, kwa hiyo alijiona ana haki ya kunitania mpaka kiama. Akifika getini alipaza sauti mafundi wote wasikie: "Mama Waya, leo unatafuta au unafuta?" Kutafuta kosa ndiyo kazi. Kufuta ni kufunika chungu kinachoungua. Alijua pa kunichoma.

Lori lake lilianza kuzima likipata moto. Nikabadilisha sensa, kile kifaa kidogo kinachoipa injini taarifa, likazima tena. Nikabadilisha sensa nyingine, kwa sababu mashine ilisema ni sensa, na mimi nilikuwa nimeanza kuiamini mashine kuliko masikio yangu. Mara ya tatu alikuja asubuhi, mzigo umeshapakiwa, mwenye mzigo anampigia simu kila dakika tano, na taa inawaka. Akaniuliza swali lake. Nikamjibu, "Leo nafuta. Ukirudi nitatafuta." Tukacheka wote wawili.

Lori lilizimika mlimani. Akalisogeza pembeni, akashuka kuangalia, na gari dogo lililokuja kwa kasi likamgonga. Lori halikupata hata mkwaruzo. Polisi walipotaka kuliondoa lilikuwa limeshapoa, likawaka mara moja.

Aliyemgonga alikamatwa na akakiri kwamba alikuwa mwendo kasi. Ukoo mzima ukapata mtu wa kumlaani, na mtu huyo hakuwa mimi. Msibani sikulia. Nilisikia wanawake wakinong'ona, kaka wa tumbo moja na hata chozi hana, ana moyo wa jiwe huyu. Jiwe lingekuwa afadhali. Yangu ilikuwa ganzi, kama ya mguu ulioukalia: unauona ni wako, unaubonyeza, haujibu. Niliosha vyombo, nikapanga viti, nikaosha vyombo tena. Siku ya nne nilirudi gereji nikaendelea kufuta taa za watu.

Wiki sita baadaye mke wa kaka akaja na lori. Aliliendesha mwenyewe, polepole, akisimama kila baada ya muda ili lipoe. Wifi yangu ameendesha basi la shule miaka tisa, na mkono wake kwenye usukani ni mzuri kuliko wa marehemu. Marehemu mwenyewe alikuwa akikubali, ila mpaka awe ameshiba.

"Jumatatu linaanza kazi," alisema akishuka. "Nitaliendesha mimi. Litengeneze."

"Mafundi wako wengi, wifi."

"Hao wengi nimewaona. Nimekuja kwako."

Mimi na wifi hatukuwahi kupendana sana wala kuchukiana. Tulirushiana vijembe jikoni, kisha tukala sahani moja.

Nikafanya nilichopaswa kufanya siku ile. Niliazima drya ya nywele kwa msusi wa jirani, nikawasha injini, nikapuliza hewa ya moto kwenye kontroli boksi, ile kompyuta ndogo inayoamuru injini iwake na iendelee kuwaka. Injini ikazimika. Nikaliacha boksi lipoe, injini ikawaka. Nikapuliza tena, ikazimika tena. Mahali fulani ndani ya boksi lehemu ilikuwa na ufa, joto likiingia inaachia, baridi ikirudi inashika. Sensa zote mbili nilizotupa zilikuwa nzima. Nikatazama saa. Dakika kumi na moja.

Sikuhisi kitu. Nikarudisha drya ya watu, nikashukuru.

Kabla ya kulitoa boksi nilichomeka mashine nisome mara ya mwisho. Mashine huonyesha gari limetembea kilomita ngapi tangu makosa yalipofutwa. Iliandika hamsini na mbili. Niliijua safari hiyo yote: kutoka hapa mpaka mlimani, kutoka mlimani mpaka polisi, kutoka polisi mpaka nyumbani kwake, na leo kutoka nyumbani mpaka hapa. Namba hiyo haikuandikwa popote pengine, na boksi lilikuwa linatoka. Jipya lingeanza na sifuri. Wifi alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu anamenya chungwa. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nikachomoa waya hasi wa betri, nikafungua bolti nne kwa spana namba kumi, nikachomoa soketi mbili, nikalitoa, nikafunga jipya lililoletwa kutoka duka la vipuri.

Boksi jipya halizijui funguo. Unalifundisha ufunguo mmoja mmoja, na ambao haukufundishwa hauwashi gari tena.

"Funguo ziko ngapi?"

Akanipa wake. Kisha akatoa mkobani bahasha iliyogundishwa. "Na huu wa kwake. Polisi walinipa pamoja na saa yake."

Alichana bahasha mwenyewe. Nikauingiza ule ufunguo, nikangoja taa yake iache kumetameta, nikauchomoa. Wa wifi nao nikaufundisha vilevile.

Wifi akapanda, akawasha kwa ufunguo wa kaka. Taa zote zikawaka, zikazimika moja moja, ya njano ikiwa ya mwisho. Tukaiacha injini ingurume mpaka ikapata moto sawasawa. Haikuzima. Nilisimama chini ya mlango wake, boksi bovu mkononi.

"Wifi," aliuliza, macho kwenye dashibodi, "hii taa imezimika yenyewe, au umeifuta?"

Wateja hawaulizi hivyo. Swali hilo lina mwenyewe.

"Imezimika yenyewe."

"Na siku ile?"

Ningeweza kumwambia lolote, angenifanyaje? Mimi ndiye fundi.

"Niliifuta," nilisema. "Kosa lilikuwepo, nikafuta taa nikamwacha aende. Leo nimelipata kwa dakika kumi na moja. Nimezihesabu."

Hakugeuka. "Alinipigia simu akitoka hapa. Anacheka. Akaniambia, 'Dada leo kafuta, nikirudi atanikoma.'" Akapangusa usukani kwa kiganja, ingawa haukuwa na vumbi. "Wiki sita nakungoja uniambie. Unakuja nyumbani, unaosha vyombo, unaaga."

"Sasa kwa nini umeniletea mimi hili lori?"

"Nikimpelekea mwingine atafuta. Wewe kuanzia leo utatafuta." Akafunga mkanda. "Lakini sijakusamehe. Usijidanganye."

"Sijidanganyi."

"Jumapili njoo. Vyombo usiguse. Ukae tukutazame."

Akaingiza gia, lori likatoka getini bila kusitasita, likakunja kona. Nikaenda kukaa kwenye lile tairi kuukuu, maganda ya chungwa yakiwa bado chini. Mtu yeyote aliyewahi kukalia mguu wake anajua kwamba hauumi ukiwa na ganzi, unauma ganzi inapotoka. Niliuma upindo wa ovaroli mafundi wasisikie. Wakasikia hivyo hivyo.

Gari dogo likasimama mbele yangu, mwenyewe akashusha kioo. "Fundi, nina haraka, nifutie tu hii taa."

"Zima injini," nilimwambia. "Shuka."